Kumshika Mkono Anayepanda Nyuma Yako

Mwaka 1929 Charles Hamilton Houston alikabidhiwa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Ilikuwa shule ya jioni, na wanafunzi wake waliingia darasani wakiwa wametoka kazini. Houston alikuwa amesoma Harvard, na ndiye Mweusi wa kwanza kuingia katika bodi ya wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho. Angeweza kukaa katika ofisi yake ya uwakili akala matunda ya shahada zake. Badala yake aliyafunga madarasa ya jioni, akaanzisha ya mchana, na akawabana wanafunzi mpaka wakampachika majina: Viatu vya Chuma, Suruali ya Saruji. Wengi waliishia njiani. Mmoja wa waliofika mwisho, tena akiongoza darasa mwaka 1933, ni Thurgood Marshall, kijana wa Baltimore ambaye chuo kikuu cha jimbo lake, Maryland, kisingempokea kusomea sheria kwa sababu ya rangi yake.

Masomo hayakuishia darasani. Houston alimchukua Marshall kwenye gari wakazunguka majimbo ya Kusini, wakiangalia hali ya shule za watoto Weusi. Muda si mrefu walisimama pamoja mahakamani na kukilazimisha chuo kilekile cha Maryland kimpokee mwanafunzi Mweusi, Donald Murray. Houston akamwingiza Marshall katika kazi za NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kisha akamwachia kiti. Alifariki mwaka 1950, miaka minne kabla Marshall hajashinda kesi ya Brown iliyoharamisha ubaguzi katika shule za serikali. Mwaka 1967 Marshall akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakenya nao wana fungu lao katika hadithi hii: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya na wenzake, Marshall alihudhuria mazungumzo ya Lancaster House, London, na kuandaa rasimu ya sura ya haki kwa ajili ya katiba ya Kenya.

Houston na Marshall hutajwa kila linapozuka lile swali la zamani miongoni mwa Wamarekani Weusi: aliyefanikiwa, awe daktari, wakili, mhandisi au meneja wa benki, ana wajibu wa kuwalea wengine wa jamii yake kikazi? Mimi nawataja kwa sababu nyingine. Wanaonyesha kazi hii ikoje hasa. Houston hakumwita Marshall hotelini akampa nasaha za maisha. Alimpa masomo magumu, safari, kesi ya kushughulikia na, mwisho, nafasi yake mwenyewe. Wengi wanaojiita walezi leo wanatoa nasaha, na nasaha ndiyo sehemu rahisi.

Makala haya ni kwa yule anayeombwa msaada na yule anayeuomba. Pia ni kwa Mswahili anayeishi Marekani, muuguzi wa Dallas au mhasibu wa Minneapolis, ambaye tangu siku ya kwanza kazini anahesabiwa Mweusi hata kama kwao hajawahi kujiita hivyo. Atajikuta pande zote mbili, na pengine mapema kuliko anavyodhani.

Deni lilianzia wapi

Wazo kwamba msomi Mweusi anadaiwa na jamii yake halikuzuka kwenye semina. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo kadhaa ya Kusini yalikuwa na sheria za kumwadhibu anayemfundisha mtumwa kusoma. Aliyejua herufi aliwafundisha wenziwe kwa siri, na hapo elimu ikawa mali ya wengi iliyohifadhiwa kichwani mwa mmoja. Mwaka 1896 wanawake Weusi walipounganisha vyama vyao kuwa chama kimoja cha taifa, chini ya Mary Church Terrell, walichagua wito wa kuinua wengine huku wao wenyewe wakipanda. Mwaka 1903 msomi W.E.B. Du Bois akaandika kwamba jamii yake ingeokolewa na watu wake wa kipekee, ile sehemu moja ya kumi yenye vipaji, wakisomeshwa vizuri na kuwaongoza waliobaki.

Sehemu ya pili ya kisa cha Du Bois husahaulika. Mwaka 1948, akiwa na miaka 80, alisimama huko Wilberforce, Ohio, mbele ya chama cha wasomi na watu wenye nafasi, Weusi wenzake, akalirekebisha wazo lake. Ujanani alidhani aliyesoma atajitolea tu, bila kusukumwa. Uzee ulimfundisha kwamba ubinafsi humjia binadamu kwa urahisi zaidi kuliko kujitoa. Naiona hotuba hiyo kuwa ya kweli kuliko insha ya 1903, kwa sababu inakubali kwamba wajibu huu hausimami wenyewe. Unahitaji vyama, ratiba na watu wa kukukumbusha.

Na vyama vilikuwapo. Madaktari Weusi walianzisha chama chao cha taifa mwaka 1895 kwa kuwa kile cha wenzao Weupe kiliwafungia mlango. Mawakili wakafuata mwaka 1925. Msaada wa Wamarekani Weusi ulivuka hata bahari. Mwaka 1959, Mboya alipokuwa akitafuta nauli za kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba mwaka huo na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri, akaenda kusoma Kansas. Anayesema Wamarekani Weusi hawakutujali asome historia hiyo kwanza.

Wanaokataa nao wana hoja

Hoja ya kwanza ya wanaoukataa wajibu huu ni hesabu tupu. Weusi ni takribani asilimia 13 ya Wamarekani, lakini kati ya madaktari ni kama asilimia 6. Ukisema kila kijana Mweusi anayetaka udaktari alelewe na daktari Mweusi, umewabebesha wachache mzigo wa wengi, na wagonjwa wao wako kwenye foleni. Vyuoni hali ni hiyohiyo. Mhadhiri Mweusi aliye peke yake katika idara hugongewa mlango na kila mwanafunzi Mweusi mwenye shida, huku jirani yake akifunga mlango wake na kuandika kitabu. Wakati wa kupandishwa cheo, kitabu kinahesabiwa na mlango uliogongwa hauhesabiwi. Msomi Amado Padilla aliuita mzigo huo, mwaka 1994, kodi ya utamaduni, na neno la kodi linafaa, maana hakuna aliyeulizwa kama anataka kulipa.

Ya pili ni ya haki. Mhandisi Mweupe akifanikiwa, hakuna anayemuuliza amewainua Weupe wangapi. Anaachwa na familia yake na mchezo wake wa gofu. Kwa nini mafanikio ya mwenzake yawe na masharti? Wako pia wanaoona mbali zaidi: ukiwaambia wataalamu Weusi wawalee vijana Weusi, shule mbovu na waajiri wenye upendeleo wanapumua, maana tatizo limepata mtu wa kulibeba bure.

Hoja hizo sizipingi. Jibu langu ni kwamba wajibu upo, ila ni mdogo kwa upana na mrefu kwa muda kuliko unavyohubiriwa kwenye majukwaa. Mtu mmoja kwa mwaka mzima anatosha. Vijana hamsini kwa mchana mmoja ni sherehe, na sherehe zina mahali pake, lakini usizihesabu kuwa ulezi. Asiye na nafasi ya kulea hata mmoja ana njia nyingine. Mwaka 2019 tajiri Robert F. Smith aliahidi kuwalipia wahitimu wa mwaka huo wa Chuo cha Morehouse mikopo yao ya masomo, karibu watu 400, na bili ikafika dola milioni 34. Huo si ulezi, ni fedha, na fedha zilifanya kazi ambayo mazungumzo ya kahawa yasingeifanya. Huhitaji hata kuwa tajiri. Mwaka 1995 Oseola McCarty, mfuaji nguo wa Hattiesburg, Mississippi, alikipa chuo kikuu cha mji wake dola 150,000 alizoweka akiba maisha yake yote ili wanafunzi wenye shida wasome.

Kabla ya kusema ndiyo

Hili ndilo jambo ninaloomba msomaji alibebe kuliko mengine yote. Shirika la Big Brothers Big Sisters, ambalo huwaunganisha watoto na watu wazima wa kujitolea, limechunguzwa sana na watafiti. Utafiti wa mwaka 1995 uliofuatilia vijana 959 ulikuta kwamba waliopewa mlezi hawakuelekea kuanza dawa za kulevya kwa kiwango cha wenzao waliokuwa bado wanasubiri. Tofauti ilikuwa asilimia 46. Ni habari njema, na imenukuliwa mno. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes wakarudi kwenye takwimu hizo na kuuliza swali jingine: uhusiano ulidumu muda gani? Wakaona kwamba faida kubwa ilikuwa kwa vijana waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi. Uhusiano uliovunjika kabla ya miezi mitatu uliwaacha vijana wakijithamini kidogo kuliko mwanzo.

Yaani mlezi anayepotea anadhuru. Mtoto aliyekwisha kuachwa na baba, au na walimu wanaobadilika kila muhula, anaachwa tena, safari hii na mtu mwenye suti aliyeahidi kurudi. Kwa hiyo kabla hujakubali, fungua kalenda yako. Kama una mradi utakaokuhamishia mji mwingine, mtoto mchanga nyumbani, au mtihani wa leseni mwezi wa sita, sema hapana sasa na useme lini utaweza. Hapana ya mapema haimuumizi mtu. Mashirika mengi yanayolea watoto huomba ahadi ya miezi 12 na kukutana mara 2 hadi 4 kwa mwezi. Kwa mtu mzima anayeanza kazi, saa moja kila mwezi inatosha, mradi isiahirishwe-ahirishwe.

Kama unayemlea hajafika miaka 18, pitia shirika, kanisa, msikiti au shule yenye utaratibu. Utachunguzwa rekodi zako za polisi na utahojiwa. Usione umedharauliwa. Kutaneni mahali penye watu, wazazi wajue saa na mahali, na ujumbe wa simu uwe wa aina ambayo mama yake akiusoma hutaona aibu. Anayekerwa na masharti hayo hafai kupewa mtoto wa mtu.

Jambo moja zaidi kwa anayejiona hajafika mahali pa kulea mtu. Vivien Thomas alikuwa fundi seremala wa Nashville aliyekuwa akiweka akiba ili asome udaktari. Benki yake ilifilisika katika mdororo wa uchumi, na mwaka 1930 akachukua kazi katika maabara ya daktari mpasuaji Alfred Blalock, ambako kwa miaka alilipwa kama mfagizi. Ni yeye aliyeifanyia mazoezi kwa mbwa ile operesheni ya moyo ya watoto waliokuwa wakigeuka bluu kwa kukosa oksijeni. Ilipofanywa kwa mtoto wa kwanza, Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, alisimama juu ya kigoda nyuma ya Blalock akimwelekeza. Hakuwahi kusomea udaktari. Hata hivyo vijana Weupe aliowafundisha kushona mishipa walikuja kuwa wapasuaji wakubwa wa nchi, Denton Cooley akiwa mmoja wao, na mafundi Weusi wa maabara walijifunza kazi mikononi mwake. Alipofika daktari Levi Watkins miaka ya 1970, Mweusi kijana katika idara iliyokuwa na watu wachache wa rangi yake, alimkuta Thomas pale. Mwaka 1980 Watkins aliongoza upasuaji wa kwanza duniani wa kumpandikizia mgonjwa kifaa kinachoushtua moyo wenyewe unapokwenda mrama, na kwa miaka mingi alishughulikia kuwavuta wanafunzi Weusi waje kusoma udaktari Hopkins. Usisubiri cheo. Msaidizi wa maabara, karani wa mahakama au muuguzi wa zamu ya usiku anajua mambo ambayo profesa ameyasahau.

Mnapokutana, mnafanya nini?

Mikutano mingi ya ulezi hufa kwa kukosa kazi. Mara ya kwanza mnasimuliana maisha, mara ya pili mnarudia, mara ya tatu mmoja ana mafua. Dawa ni kuweka kitu mezani. Kijana alete wasifu wake muusahihishe mstari kwa mstari. Alete barua pepe aliyotaka kumpelekea bosi wake, msome pamoja kabla hajaituma. Alete barua ya ofa ya kazi, umwonyeshe ni wapi pa kuomba nyongeza na kwa maneno gani. Hapo ndipo utamfundisha yale ambayo hayaandikwi popote: kwamba katika ofisi nyingi za Marekani uamuzi hufanywa kabla ya kikao, na kikao ni cha kuutangaza tu, kwamba ukikaa kimya mkutanoni kwa heshima, wenzako watadhani huna la kusema, kwamba tathmini ya mwaka huandikwa na meneja kwa kukumbuka, basi mwandikie kila mwezi mambo uliyoyakamilisha ili akumbuke unachotaka akumbuke.

Kijana wa Kiswahili anahitaji somo la kujitaja mara mbili zaidi. Amelelewa kwamba mtu hajisifu, kazi yake itamsifu. Kwenye usaili wa Marekani hakuna mjomba wa kumsemea. Mwambie aseme "nilifanya" pale anapotaka kusema "tulifanya", kama kweli ni yeye aliyefanya.

Halafu kuna kufungua mlango, ambako ndiko ulezi unakogeuka kuwa na uzito. Unapokuwa katika chumba ambacho yeye hayumo, je, unalitaja jina lake? Watafiti wa kazi na maofisi wamekuwa wakionya kwa miaka kwamba wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa hupewa ushauri mwingi na udhamini kidogo. Mshauri anazungumza na wewe. Mdhamini anazungumza juu yako mbele ya wenye mamlaka, na kama ukivurunda, jina lake linachafuka pamoja na lako. Ndiyo maana wadhamini ni wachache. Ursula Burns aliingia Xerox kwa mafunzo ya kazi ya kiangazi akiwa mwanafunzi wa uhandisi. Kilichomfungulia njia ni kuteuliwa msaidizi wa kiongozi mwandamizi Wayland Hicks, kisha mwaka 1991 msaidizi wa mwenyekiti wa kampuni, Paul Allaire, akikaa katika vikao ambavyo mtu wa ngazi yake hakuviona. Mwaka 2009 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza kampuni mojawapo kati ya 500 kubwa za Marekani.

Hicks na Allaire ni wanaume Weupe. Naliweka hili wazi kwa sababu mjadala wetu hupenda kudhani kwamba kijana Mweusi anahitaji mlezi Mweusi tu. Anahitaji wote wawili, Mweusi na asiye Mweusi. Anayefanana naye anamjulisha kwamba inawezekana na anamweleza anapobaguliwa na asipobaguliwa, kitu ambacho mwingine hawezi kukiona vizuri. Kufanana si jambo dogo: utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikuta kwamba wavulana Weusi wa familia maskini kabisa huko North Carolina, waliowahi kuwa na mwalimu Mweusi walau mmoja kati ya darasa la 3 na la 5, uwezekano wao wa kuacha shule ya sekondari ulipungua kwa asilimia 39. Lakini funguo za ofisi nyingi bado ziko mikononi mwa watu wengine, na kijana asinyimwe funguo kwa sababu ya msimamo wetu.

Wewe unayetafuta mlezi

Usimwandikie mtu usiyemjua "naomba uwe mlezi wangu." Ni kama kumposa mtu kwenye daladala. Omba dakika 20 na swali moja. Ujumbe uwe na mambo manne katika mistari mitano: wewe ni nani, umemjuaje, unataka kumuuliza nini hasa, na lini unaweza. Mfano: "Dk. Fulani, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uuguzi, nimetokea Mombasa. Nilisikia mada yako kwenye mkutano wa wauguzi mwezi uliopita. Nataka kuamua kati ya chumba cha wagonjwa mahututi na uzazi, na wewe umefanya kote. Je, ungekuwa na dakika 20 kwa simu wiki ijayo, Jumanne au Alhamisi jioni?" Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha mwache.

Juu ya majina ya heshima. Marekani watu huitana kwa majina ya kwanza, hata bosi, na Mswahili huona taabu. Kwa mtu Mweusi wa makamo au mzee, taabu yako ni busara. Kwa vizazi vingi Weupe wa Kusini waliwaita Weusi kwa jina la kwanza tu, au "boy" na "auntie", ili wasiwape heshima ya mtu mzima. Mwaka 1963 mwanaharakati Mary Hamilton alikataa kujibu maswali mahakamani Alabama mpaka aitwe Bi. Hamilton, kama mashahidi Weupe walivyoitwa. Akapewa adhabu ya jela kwa kuidharau mahakama, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo anza na Dr., Mr. au Ms. na jina la ukoo. Akikwambia umwite kwa jina la kwanza, mwite. Shikamoo iache nyumbani.

Baada ya mazungumzo, mshukuru siku hiyohiyo, na baada ya mwezi mwandikie ulichofanya na ushauri wake. Hii ndiyo siri ambayo wengi hawaijui: mtu mwenye shughuli nyingi humrudia yule aliyeutumia ushauri wake, hata kama aliutumia akashindwa. Anayerudi na swali lilelile bila kufanya lolote huchosha.

Fedha usiombe. Ukihitaji nauli au ada, omba akuelekeze kwenye mfuko wa ufadhili. Deni la dola 300 limevunja uhusiano mwingi ambao ungempatia mtu kazi.

Pa kuanzia

Wahandisi wana chama cha wanafunzi na wataalamu Weusi, NSBE, kilichoanza Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1975. Wanaosomea udaktari wana SNMA, tangu 1964. Wahasibu wana NABA, tangu 1969. INROADS, iliyoanzia Chicago mwaka 1970, huwapatia wanafunzi nafasi za mafunzo kazini. Wavulana wanaweza kulelewa na matawi ya 100 Black Men, ambayo mizizi yake ni New York ya mwaka 1963. Kwa wanaopenda sayansi, Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County kina mpango wa Meyerhoff ulioanzishwa mwaka 1988 na Freeman Hrabowski kwa msaada wa familia ya Meyerhoff. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliobuni chanjo ya korona ya Moderna, alipitia hapo kabla ya kufanya kazi chini ya Barney Graham katika taasisi za afya za taifa. Hao ni wa jina. Mara nyingi mlezi wako wa kwanza yuko kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yako, au ni yule mama wa kanisani aliyefanya kazi miaka 20 hospitali ileile unayoomba.

Kodi na sheria

Saa zako za kujitolea huwezi kuzikata kwenye kodi ya Marekani. Gharama unazotoa mfukoni kwa kazi ya shirika la hisani linalotambuliwa unaweza, kama unaorodhesha makato yako, na gari huhesabiwa senti 14 kwa maili. Weka risiti.

Kama unataka kuanzisha mpango wenye fedha ndani yake, kwa mfano ruzuku au ufadhili wa masomo kwa Weusi pekee, muone wakili kwanza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kuwapokea wanafunzi, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya Atlanta ilizuia mfuko uliokuwa ukitoa ruzuku kwa wanawake Weusi wenye biashara. Mipango mingi sasa inafunguliwa kwa kila mtu huku ikitangazwa pale wanapopatikana vijana iliowakusudia. Hukumu hizo hazimkatazi mtu binafsi kumpa ushauri wake amtakaye. Ofisini kwako hali ni tofauti: kama wewe ni meneja, nafasi za mafunzo unazozigawa kwa jina la kampuni zinaangaliwa na sheria, basi uliza idara ya rasilimali watu kabla hujatangaza. Papo hapo waombe saa za ulezi ziingie kwenye tathmini yako ya mwaka. Wakikataa, angalau umeshajua kazi hiyo inathaminiwa kiasi gani pale.

Mambo yasipokwenda

Mara nyingine hampatani. Kijana hatokei, au anatokea akiwa amelazimishwa na mama yake, au wewe umegundua kwamba taaluma anayoitaka huijui. Kama mko chini ya shirika, mwambie mratibu mapema, naye atatafuta mtu mwingine kabla hamjaachana. Kama ni ninyi wawili tu, kutaneni mara ya mwisho uso kwa uso au kwa simu, sema wazi kwamba unaondoka na kwa nini, umweleze kwamba kosa si lake, kama kweli si lake, na umpe jina la mtu mwingine uliyekwisha kuzungumza naye. Usimwache akituma ujumbe unaosomwa na haujibiwi.